Upanga wa Burma na Ala Isiyo Yake

Juzi nikiwa Machakos niliitwa nyumba moja nikatazame upanga wa Kijapani. Mwenyeji wangu alisema kuwa marehemu babu yake, askari wa K.A.R., alirejea nao kutoka Burma. Lakini mchuuzi mmoja wa vitu vya kale alikuwa ameshautolea hukumu: "Ni bandia. Nambari ya chuma mbali, nambari ya ala mbali." Kisha akautaka kwa bei ya panga la kufyekea. Bwana yule akaniuliza kwa unyonge, "Mzee, kumbe babu alitudanganya?"

Swali hilo lilinichoma, nami nimeona si vyema kulinyamazia.

Kwanza tumpe mchuuzi haki yake. Panga za masajini wa Japani, za mtindo wa mwaka 1935, zilitoka kiwandani na nambari moja iliyopigwa juu ya chuma na juu ya ala. Zikihitilafiana, ni dhahiri kuwa viwili hivyo havikuzaliwa pamoja. Lakini kutozaliwa pamoja si ubandia.

Tukumbuke vita vyenyewe. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki ilipita Bonde la Kabaw katika mvua na matope ya mwaka 1944, ikafika Kalewa mwezi wa Desemba. Katika hali kama ile ala hupasuka au hupotea, na mwenye upanga hutwaa ya mwenzake aliyekufa. Silaha zikitupwa fungu moja baada ya mapigano, ni nani atakayekaa kulinganisha nambari? Aidha, mali ghafi ilipoadimika, Wajapani wenyewe waliacha vipini vya alumini wakatia vya mbao. Maofisa nao walijinunulia panga zao, na wengine walivika chuma cha kale cha ukoo mpini na ala ya kijeshi.

Hata kwetu pwani, panga nyingi za mabwana wa zamani zilikuwa na chuma cha Ulaya na kipini cha sonara wa huku. Hatukuziita bandia.

La kuulizwa, basi, ni hili: viungo hivi vimeungana lini? Ala iliyokaa miaka mingi na upanga wake huacha alama za kusuguana mahali pale pale. Kutu ya zamani ni nyeusi na imetulia. Ya juzi ni nyekundu. Tupa ikipita, chuma hung'aa. Hayo yachunguzwe kabla ya kumwita marehemu mwongo.

Tuliyachunguza. Upanga uliingia alani barabara, na alama zilipatana. Mwenyeji akatoa sandukuni cheti cha babu cha kuachishwa jeshi na nishani yake ya Burma. Nikamwambia, "Bwana, nambari haziwezi kusema upanga huu ulitoka wapi. Babu yako hakusema kuwa upanga na ala ni pacha. Alisema amevileta kutoka Burma, nami sijaona la kumkanusha."

Nawasihi wenye amana kama hizi, Ukambani na kwingineko: msisugue kutu, wala msitafute ala nyingine ili nambari zilingane, maana hapo ndipo ubandia unapoanza. Chuoni tulifunzwa kuwa habari hupimwa kwa mapokezi yake. Andikeni basi nani alipokea kwa nani, maadamu wazee wanaojua wangali hai.