Bandari kavu ikiwa nzuri itajiuza, hakuna haja ya kutusukuma

Wacha niseme jambo ambalo wenzangu wa Changamwe hawatalifurahia: siku hizi bandari kavu ndiyo inanilipia keja.

Naishi Embakasi, Nairobi. Mchana nafuatilia karatasi za mizigo kwa wakala mmoja mdogo wa forodha, usiku naandika blogu. Na ni bandari hii hii ambayo, kwa hesabu yangu, ilinitoa chuoni. Kwa hivyo nikiongea kuhusu makontena na SGR sitoi stori za kuambiwa. Nimekula upande mmoja, na ule mwingine nimelala njaa.

Kwa wale hawajawahi kuifikiria, bandari kavu ni bandari isiyo na maji. Kontena linashuka melini Kilindini, linapakiwa kwa treni, halafu ushuru, ukaguzi na karatasi zingine zinamaliziwa bara karibu na mwenye mali. Ya Embakasi si ya jana, iko tangu 1984. Kilichobadilisha mambo ni SGR. Treni za mizigo zilianza Januari 2018, na uwezo wa Embakasi ukapanuliwa kutoka makontena 180,000 ya futi 20 kwa mwaka hadi 450,000. Mwaka 2019 reli ikasogea hadi Naivasha, na huko nako kukajengwa bandari kavu ya mizigo inayokwenda Uganda, Rwanda na Sudan Kusini.

Mgala muue na haki umpe: wazo lenyewe ni zuri. Treni moja inabeba makontena 108 ya futi 20. Hizo ni trela zaidi ya hamsini zimetoka barabarani kwa mpigo mmoja. Ukishakaa kwa jam ya Mlolongo nyuma ya malori, ama ukishazika mtu aliyegongwa na trela, huhitaji kuelezewa faida. Na kama duka lako liko Kamukunji, kwa nini ulale Mombasa siku nne ukingoja sahihi?

Tatizo lilikuwa kulazimishwa.

Agosti 2019 ilitoka notisi kwamba mizigo yote ya Nairobi na bara ibebwe na SGR, ikamalizwe kushughulikiwa Embakasi. Mombasa ikawaka, watu wakaandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Nilikuwa mwaka wa pili chuoni. Baba alikuwa dereva wa trela, na kabla ya reli alikuwa akipiga safari mbili kwa wiki. Zikawa moja. Zikawa mbili kwa mwezi. Halafu mwenye gari akaanza kusema, "Ngoja nikupigie." Karo yangu ilikuwa inatoka kwa hizo safari. Muhula uliofuata sikurudi.

Na haikuwa sisi pekee. Trela likisimama, anasimama na taniboi, fundi wa tairi, mama wa chapati Mariakani, mwenye loji Mtito Andei. Treni haisimami kununua chai. Hawa watu hawakuwa kwa hesabu ya mtu yeyote, na hakuna aliyewauliza. Ndiyo maana Novemba 2020 Mahakama Kuu ya Mombasa iliposema amri ile ilikiuka Katiba, mtaani kwetu watu walishangilia kama wamefunga bao.

Halafu Septemba 13, 2022, siku ya kuapishwa, Rais Ruto akatangaza kwamba shughuli za kuondoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa. Nilimpigia baba nikiwa na furaha. Akaniambia, "Mwanangu, yule bwana alishauza magari yote. Sasa nirudi kuendesha nini?"

Hapo ndipo akili yangu ilibadilika. Sikatai uamuzi wenyewe. Lakini amri moja inapeleka mizigo bara, nyingine inairudisha pwani, na katikati kuna mtu wa miaka 54 anauza maji Miritini. Mwekezaji wa malori hawezi kujipanga hivyo. Hata mwenye ghala la Embakasi hawezi. Biashara ya miaka ishirini haiendeshwi kwa tamko la dakika mbili.

Kingine, majirani hawalazimishwi. Mwaka 2020, wakati wa korona, iliamuliwa mizigo ya Uganda na wenzake ipitie Naivasha. Wafanyabiashara wa Kampala walilalamika, na walikuwa na hoja. Kontena likifika Naivasha kwa treni, bado linahitaji lori la kwenda Malaba, ama lipandishwe reli ya zamani. Yaani unalipa kulipakia mara mbili. Na mtu wa Kigali ana njia nyingine: Dar es Salaam. Tanzania ina bandari kavu ya Isaka kule Shinyanga na sasa ya Kwala mkoani Pwani. Ukimsukuma sana mteja mwenye milango miwili, anatoka kwa ule mwingine.

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Embakasi na Naivasha zinaweza kujiuza. Lakini kuna mambo matatu.

Kwanza, mwenye mzigo achague. Treni ama lori, Mombasa ama bara, na chaguo hilo lilindwe na sheria ili lisibadilike kila uchaguzi.

Pili, bei isemwe yote. Hapa najishtaki mwenyewe. Mwaka jana mteja wetu, mama anayeagiza viatu, aliniuliza kontena lake litagharimu pesa ngapi. Nikampa bei ya treni. Sikumwambia kuhusu lori la kutoa mzigo Embakasi hadi stoo yake, wala gharama ya kurudisha kontena tupu, wala ada inayohesabiwa kila siku likichelewa. Alipomaliza kulipa aliniuliza, "Kijana wangu, kwa nini hukuniambia mapema?" Sikuwa na jibu. Ushindani wa treni na lori hauna maana kama bei moja inaishia getini na nyingine inafika mlangoni.

Tatu, vijana wanaoishi karibu na hizi bandari wapewe ujuzi, si kazi ya kubeba tu. Ukitembea Mai Mahiu utaona treni ikipita na vijana wamekaa kwa mawe wakihesabu mabehewa. Kuendesha mashine ya kunyanyua makontena kunafundishika. Kujaza fomu za forodha kunafundishika pia, mimi ni shahidi, na sina hata cheti. Lakini nilijifunza kwa bahati, kwa sababu jamaa wa ploti yetu alihitaji mtu wa kuchapa haraka. Bahati si mpango.

Najua kuna msomaji wa Mombasa atasema nimenunuliwa na Nairobi. Sawa. Lakini fikiria: tukidai tu kila kontena libaki pwani, tunafanya kosa lile lile tulilofanyiwa, la kulazimisha. Mombasa haihitaji kuhurumiwa. Ina bahari. Inachohitaji ni ushindani wa haki na muda wa kujipanga.

Baba bado anauza maji. Wiki iliyopita aliniuliza kama hapa Embakasi kuna malori ya kutoa makontena kwenda viwandani, safari fupi fupi. Nikamwambia yako. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza kama wanachukua wazee.

Nimeanza kuulizia. Kama kuna mwenye lori anasoma hapa, mzee ana leseni na miaka 27 barabarani.