Neno la Mhariri: Ujira wa Mwalimu, Kazi ya Mchoraji

Wapo miongoni mwa wapenzi wa sanaa wanaoshikilia kwamba mchoraji akishakabidhiwa chaki na darasa, usanii wake umekwisha, na kila picha atakayoichora baada ya hapo ni mabaki ya nguvu alizokuwa nazo kabla hajaajiriwa. Kauli hiyo aghalabu hutoka vinywani mwa walimu wenyewe, na kwa kuwa toleo hili tumelitenga kwa ajili ya wachoraji waliofundisha, imetupasa tuipime kabla msomaji hajafunua ukurasa wa pili. Nasi tutaipima kwa maisha ya mtu mmoja, marehemu Sam Joseph Ntiro wa Machame, ambaye lile linalohesabiwa kuwa upungufu wake ndilo tunaloliona sisi kuwa fahari yake.

Ntiro, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma Makerere zama za Bibi Margaret Trowell, Mwingereza aliyeanzisha mafunzo ya uchoraji kwenye baraza ya nyumba yake huko Kampala katika miaka ya 1930, na ambaye desturi yake ilikuwa kuwasimulia wanafunzi tukio fulani na kuwataka walione kwanza katika nafsi zao, ndipo washike brashi. Mwaka 1948 Ntiro naye akawa mwalimu papo hapo. Mwaka 1952 akasafiri hadi London, akaingia shule ya Slade, mojawapo ya shule za Uingereza zilizosifika kwa mafunzo ya kuchora mwili wa mtu aliye hai, akakaa huko miaka mitatu. Aliporudi, ilitazamiwa kwamba mkono wake ungekuwa mwingine. Ilhali mwaka 1956 alichora wanaume wakimpelekea bibi arusi pombe ya ndizi usiku, msafara wa watu wa kwao Uchaggani, kwa ule ule urahisi wa maumbo uliomtambulisha tangu awali. Na mwaka 1960 picha hiyo ikanunuliwa na Museum of Modern Art ya New York, katika siku ambazo jina la mchoraji wa Afrika Mashariki lilikuwa nadra mno kuonekana katika majumba kama hayo.

Hapo ndipo hukumu inapotolewa kwamba Ntiro hakukua. Sisi twaona hukumu hiyo imekosa mizani, kwa sababu mtu anayechora bila vivuli kwa kuwa hajafundishwa vivuli, na mtu anayeviacha baada ya kufundishwa kwa miaka mitatu, hawakufanya jambo moja hata kama picha zao zikifanana. Wa pili amechagua, na kuchagua ni daraja ambalo wa kwanza hajalifikia. Fauka ya hayo, tusisahau kwamba mwaka 1953, akiwa bado mwanafunzi huko London, ndipo kilipotoka kitabu chake cha Kiswahili, Desturi za Wachagga. Mtu huyo hakuwa akisahau alikotoka. Alikuwa akipanga kumbukumbu zake kwa taratibu, kwa kalamu na kwa rangi pamoja, na kwa dhana yetu darasa lilimsaidia, maana mwalimu anayewaagiza vijana wachore walichokiona wao wenyewe atalazimika, kama ana haya, kutimiza agizo hilo kwanza katika chumba chake. Tena ujira wa mwalimu, uliokuwa mdogo lakini wa hakika, ulimwondolea dharura ya kumchorea mgeni apitaye tembo na machweo anayoyataka.

Hata hivyo, hatutaki kupaka asali. Fundi wa milango wa Lamu au Unguja alifundisha wanagenzi siku zote na hakuna aliyesema ufundi wake umekufa, kwa kuwa mwanagenzi alishika patasi juu ya ubao ule ule wa fundi, na kazi ya kufunza ikawa ndiyo kazi ya kuchonga. Shule ya kisasa imezitenga kazi hizo mbili: kila mwanafunzi ana karatasi yake, na saa ambayo mwalimu ameitumia juu ya karatasi hiyo hairudi tena kwenye turubai lake. Nchi changa nazo zilikuwa na njaa ya wasomi. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961, Ntiro alitumwa London kuwa Balozi, akakaa hadi 1964, na baadaye akabebeshwa mambo ya utamaduni serikalini. Kwa hiyo, atakayetafuta mwizi wa saa zake na apekue kwanza majalada ya ofisi kabla ya kulishika darasa. Gregory Maloba wa Kenya, mwenziwe katika kufundisha Makerere, ndiye aliyeunda ile sanamu ya Uhuru ya mwaka 1962 iliyosimama Kampala, mama akimwinua mtoto, na hakuiunda baada ya kuacha ualimu.

Hatari ambayo sisi twaiogopa zaidi iko upande wa pili, nayo ni wanafunzi kugeuka vivuli vya mwalimu. Elimo Njau, mzaliwa wa Marangu na zao la Makerere, aliyechora maisha ya Yesu kwa sura za Kiafrika na mandhari ya Ugikuyu kwenye kuta za kanisa la Murang'a, alipigana na uigaji kwa maneno makali, na kituo cha sanaa cha Paa ya Paa alichoshiriki kukianzisha Nairobi mwaka 1965 kilikuwa kwa kiasi kikubwa madhabahu ya vita hivyo. Mmoja wa waandishi wetu katika toleo hili anadai kwamba hata Ntiro aliacha waigaji zaidi kuliko warithi. Hatukubaliani naye, na makala yake tumeichapisha kamili.

Wasomaji waliopata kufundishwa na wachoraji wa kizazi hicho twawaomba watuandikie, wakieleza mwalimu alisema nini hasa juu ya picha fulani, na aliishika vipi mikononi. Barua za kusifu upole na uchaji wake tunazo tayari za kutosha toleo zima.