Mahakama Inayongoja Kukubaliwa

Je, mahakama za kimataifa zinaweza kuwawajibisha wenye nguvu? Najibu: nusu tu. Mwaka 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325. Kisangani imo ndani ya hukumu hiyo. Lakini Kasongo na Kabambare zilitawaliwa na RCD-Goma, ikisaidiwa na Rwanda. Kuhusu Rwanda, mahakama hiyohiyo ilisema mwaka 2006 haina mamlaka, kwa kuwa Rwanda haikuikubali. Haki gani hii inayomwomba mshitakiwa ruhusa? Juni 2025 Mahakama ya Afrika, kule Arusha, ilikubali kusikiliza kesi ya Kongo dhidi ya Rwanda. Basi ushahidi wa wazee wa Wamaza uandikwe na kutafsiriwa mapema. Kazi hiyo ni yetu, wanafunzi wa lugha.