Mwenye Hisa Aweza Kuuza, Mwenye Mapenzi Hawezi



Nyumba ni chache siku hizi zisizokuwa na kijana awezaye kuwataja wachezaji wa Italia, Uingereza na Hispania mmoja mmoja, pamoja na bei aliyonunuliwa kila mmoja wao. Twawasikia barazani baada ya Isha wakishindana nani hodari na nani si kitu. Walakini tukiwauliza, “Ni nani anayewalipa watu wale, na fedha zikikosekana ni nani anayeumia?” baraza zima hunyamaza. Kwa ajili hiyo tumeona vema mwezi huu tuyaeleze mambo ya klabu moja ya Italia, na watu walioifuata katika msimu ambao kila asubuhi hawakujua kama jioni itakuwa hai. Hata asiyependa mpira atapata humu jambo la kumfaa, kwani habari yenyewe ni ya amana na deni.

Parma ni mji wa kaskazini ya Italia. Si mji mkubwa. Wakazi wake ni kama laki mbili, na jina lake limeenea duniani kwa jibini yake. Klabu yake ya mpira iliasisiwa mwaka 1913, ikakaa miaka mingi katika madaraja ya chini, wala haikuingia daraja la kwanza, waliitalo Serie A, mpaka mwaka 1990. Toka hapo ikapanda kama mshale. Baina ya mwaka 1992 na mwaka 2002 ilitwaa vikombe 8, na miongoni mwao Kombe la UEFA mara mbili, mwaka 1995 na mwaka 1999. Gianluigi Buffon, Lilian Thuram na Fabio Cannavaro walivaa jezi yake katika miaka hiyo. Mji mdogo ukawa wasimama bega kwa bega na Milan na Turin.

Mali hiyo yote ilitoka wapi? Ilitoka katika maziwa. Karibu na mji huo palikuwa na kampuni kubwa ya maziwa, Parmalat, ya bwana Calisto Tanzi, nayo ndiyo iliyoibeba klabu. Mwezi wa Desemba 2003 benki moja ya Marekani ilitangaza kwamba waraka ulioonyesha kuwa kampuni hiyo ina Yuro bilioni 3.95 katika hesabu yake ulikuwa wa uongo. Fedha hazikuwako, ilikuwako karatasi tu. Mambo yalipochunguzwa, pengo lilionekana kuwa kiasi cha Yuro bilioni 14. Watu wengi wa kawaida walioiwekea kampuni ile akiba zao walizipoteza, Tanzi akahukumiwa kifungo, na klabu ikawekwa chini ya wasimamizi wa kisheria.

Tunaanza na habari hiyo ya kale kwa kusudi. Katika miaka ya vikombe, ni washabiki wangapi waliouliza habari za daftari? Sahani ikijaa, aghalabu mlaji haulizi ya jikoni. Hatuwalaumu, maana hata wakaguzi waliosomea kazi hiyo na benki kubwa kubwa hawakuyaona, au waliyaona wakafumba macho. Lakini lilikuwa fundisho la kwanza, na fundisho la kwanza watu hulisahau upesi.

Mwezi wa Januari 2007 klabu ilinunuliwa na bwana Tommaso Ghirardi. Ikashuka daraja, ikapanda, ikatulia. Katika msimu wa 2013–14 ilishika nafasi ya 6, nafasi iliyoistahilisha kucheza katika mashindano ya Ulaya. Mji ukafurahi. Punde si punde ikatangazwa kwamba haitapewa ruhusa ya kucheza huko, kwa sababu sehemu ya kodi ya mishahara haikulipwa kwa wakati wake. Nafasi ile ikapewa Torino. Huo ulikuwa ufa wa kwanza ukutani, na wahenga walikwisha kutuambia habari ya asiyeziba ufa.

Mwezi wa Desemba 2014 Ghirardi aliiuza klabu, na bei iliyotajwa ilikuwa Yuro moja. Miezi miwili haijapita, mwezi wa Februari 2015, waliomnunua nao wakamwuzia bwana Giampietro Manenti kwa Yuro moja vilevile. Katika mji ule Yuro moja haipati hata kipande cha maana cha jibini. Msomaji asidhani kwamba huo ulikuwa ukarimu. Anunuaye kwa bei hiyo huwa amenunua madeni pamoja na mali, na huahidi kuyalipa. Kwa mtu mwenye nia na uwezo wa kulipa, Yuro moja ni bei ghali sana. Kwa mtu asiye navyo, ni bei rahisi kupita kiasi.

Sasa tutazame hali ilivyokuwa katika baridi ile. Tangu kiangazi cha mwaka 2014 wachezaji walikuwa hawajapata mishahara yao. Na mchezaji mkubwa, ijapokuwa amedhulumiwa, aghalabu ana akiba ya kumvusha. Palikuwa na watumishi wadogo wa klabu, wa ofisini na wa uwanjani, wasiokuwa na akiba hiyo, wala picha zao hazitokei magazetini. Madalali wa mahakama walikuja wakayachukua magari ya klabu. Wachezaji wa daraja la kwanza wakawa wanajifulia jezi zao wenyewe.

Tarehe 22 Februari 2015 ilikuwa siku ya kupambana na Udinese. Mchezo haukuchezwa, kwa kuwa klabu haikuwa na fedha za kuwalipa walinzi wa uwanja. Juma lililofuata mchezo wa Genoa nao ukaahirishwa. Huko Italia mwenye duka akifiwa hubandika mlangoni karatasi ya kuwajulisha watu kwamba pamefungwa kwa sababu ya msiba. Washabiki wa Parma nao walibandika tangazo katika mlango wa uwanja wao, Ennio Tardini, likisema kwamba pamefungwa kwa sababu ya wizi. Maneno machache, nayo yalitosha. Hawakuandika kwamba timu ni mbaya, wala kwamba wachezaji ni wavivu. Waliandika kwamba kitu kimeibiwa, yaani walijihesabu kuwa miongoni mwa walioibiwa.

Na hapo pana swali zito. Mshabiki ameibiwa nini? Hana hisa hata moja. Jina lake halimo katika orodha ya wadai. Mahakama ikiketi, fundi atadai, mwokaji atadai, mchezaji atadai, na serikali itadai kodi yake. Mtu aliyekwenda uwanjani miaka arobaini na baba yake, kisha na mwanawe, hana karatasi ya kuonyesha. Mwenye hisa akichoka, huuza akaenda zake. Mwenye mapenzi hana wa kumwuzia.

Tarehe 18 Machi 2015 Manenti alikamatwa na polisi kwa tuhuma za mambo ya fedha zisizo halali. Kesho yake mahakama ikatangaza kwamba klabu ni muflisi. Madeni yake yote yalikuwa Yuro milioni 218, na katika hayo milioni 63 ni mishahara isiyolipwa. Wakateuliwa wafilisi wawili, na klabu nyingine za Serie A zikakubali kutoa Yuro milioni 5 ili msimu umalizike. Si kwa huruma tu, kwa maana timu moja ikitoweka katikati ya ligi, hesabu ya wote huharibika.

Basi watu walifanya nini? Timu ilikuwa mkiani, alama 7 zilikatwa kwa makosa ya fedha, na kushuka daraja kulikuwa kama kumekwisha kuandikwa. Mwalimu wa timu, Roberto Donadoni, hakuondoka. Nahodha Alessandro Lucarelli hakuondoka. Na washabiki waliendelea kuja. Tarehe 11 Aprili 2015 wachezaji hao wasiolipwa waliwafunga Juventus bao 1 kwa 0, nao Juventus ndio waliotwaa ubingwa wa Italia mwaka ule na kufika fainali ya Ulaya. Ushindi ule haukuiokoa Parma. Ilimaliza ya mwisho, nafasi ya 20. Ili mnunuzi apatikane, wachezaji walikubali kusamehe sehemu kubwa ya haki yao. Watu wawili walionyesha nia ya kununua, wote wawili wakarudi nyuma. Mwezi wa Juni 2015 muda ukaisha, na klabu ya miaka 102 ikafa.

Mwezi uliofuata ilianzishwa klabu mpya, Parma Calcio 1913, na mahali pake palikuwa daraja la nne, la wachezaji wa ridhaa. Matajiri wa mji, miongoni mwao Guido Barilla wa tambi na Gian Paolo Dallara wa magari ya mashindano, walitoa mtaji. Pamoja nao washabiki wa kawaida walichanga fedha wakaunda shirika lao, likanunua sehemu ya hisa na kupata kiti katika nyumba iliyokuwa ikiwafungia mlango. Tiketi za msimu zilizouzwa katika daraja lile la nne zilipita 9,000, zaidi ya mara mbili ya kiasi kilichowahi kuuzwa na klabu yoyote ya daraja hilo. Lucarelli, mwenye umri wa miaka 38, alibaki peke yake katika wachezaji wa zamani. Mwaka 2016 timu ikapanda bila ya kushindwa hata mchezo mmoja. Mwaka 2017 ikapanda tena. Na mwezi wa Mei 2018 ikarejea Serie A. Kupanda mara tatu kwa misimu mitatu mfululizo mpaka daraja la kwanza ni jambo ambalo Italia haikuwa imeliona. Baada ya hapo Lucarelli akastaafu.

Wako watakaosema, “Watu hawa ni wajinga, wameibiwa mara mbili, wakarudi kununua tiketi!” Sisi twaona kinyume chake. Walijua kutenga vitu viwili ambavyo wengi huvichanganya, yaani jina la klabu na mtu aliyeishika kwa wakati fulani. Walimkasirikia mtu, hawakulitupa jina. Tena mara hii hawakurudi kama walivyokuwa kwanza. Mara ya kwanza walikuwa watazamaji; mara hii walirudi wakiwa washirika wenye haki ya kuuliza hesabu.

Lakini hatupendi kuipamba habari kuliko ilivyo. Sehemu ya washabiki ilikuwa ndogo mbele ya mtaji wa matajiri, na ikazidi kuwa ndogo mwaka 2020 Mmarekani Kyle Krause alipoinunua klabu. Na liko jambo zito kuliko hilo. Klabu mpya ilipopanda, madeni ya klabu iliyokufa hayakupanda pamoja nayo. Jina lilifufuka, deni halikufufuka. Wako waliofanya kazi katika klabu ya zamani, au waliouza bidhaa zao kwake, ambao hawakupata haki yao yote. Siku ile ya Mei 2018, mji ulipokuwa ukishangilia, bila shaka walikuwako walioshangilia nusu moyo. Wahenga wamesema, dawa ya deni ni kulipa. Hawakusema kwamba dawa yake ni kubadili jina.

Ndugu zetu, si lazima kwenda Parma ili kuyaona mambo haya. Kila mmoja wetu anapenda kitu kilicho mikononi mwa mwingine: chama cha kuzikana, kamati ya madrasa, timu ya mtaa, ushirika wa akina mama. Twachanga, twashangilia, na mambo yakiwa mazuri twaona haya kuuliza, tukidhani kuuliza ni kumtuhumu mtu. Sivyo. Mshika fedha mwaminifu ndiye anayefaidika zaidi na swali, kwani daftari likisomwa mbele za watu humwosha na maneno ya pembeni.

Basi maswali yawe matatu, nayo yaulizwe wakati wa neema kabla ya wakati wa dhiki. La kwanza: fedha zatoka wapi, na zikikauka huko tutafanyaje? La pili: daftari husomwa lini, na mbele ya nani? La tatu, nalo ndilo linalotangulia kuonyesha ufa: je, wafanyao kazi, hasa walio wadogo, wamelipwa? Palipo na mfagizi asiyepata ujira wake kwa miezi mitatu, hata pakiwa na vikombe kabatini, nyumba hiyo imekwisha kuanza kuanguka.

Na vijana wetu wa barazani, wasiache kupenda mpira kama waupenda. Ila wakishamaliza kuhesabu mabao, waulize na hesabu nyingine.

Wassalaam.