Neno "Power" katika Masomo ya Sayansi

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu nchini Tanzania aweza kukutana na neno la Kiingereza "power" mara tano kwa siku moja, na kila mara likawa na maana nyingine. Asubuhi, katika somo la hisabati, mwalimu huandika 2 na juu yake tarakimu ndogo ya 3, akaeleza kuwa hiyo ni "power" ya tatu ya mbili, na jibu lake ni 8. Katika fizikia huambiwa kwamba "power" ni kazi inayofanywa na mashine katika kila sekunde, na kipimo chake ni wati. Kabla kipindi hakijaisha, mwalimu yuleyule huzungumzia "power" ya lenzi, ambayo haina uhusiano wowote na wati. Katika historia "powers" ni mataifa ya Ulaya yaliyokutana Berlin mwaka 1884 na 1885 kujadiliana juu ya Afrika. Na usiku, taa za bweni zinapozimika, wenzake husema kwamba hakuna "power", yaani umeme umekatika.

Mtu akimwuliza mwanafunzi huyo maana ya neno hilo kwa Kiswahili, aghalabu atajibu kwa neno moja tu: nguvu. Jibu hilo si uongo, lakini halitoshi. Mwanafunzi anayebeba jibu hilo moja kutoka darasa hadi darasa atakariri fasili zote tano, atazitoa katika mtihani, na bado hatajua kwa nini mashine ya kusaga yenye nguvu humaliza gunia mapema, wala kwa nini kituo kikubwa cha umeme huweza kukosa umeme wakati wa ukame. Yafaa basi walimu na wanafunzi walichunguze neno hili kwa makini, kwa kuwa lina funzo linalozidi neno lenyewe.

Asili ya neno

Kiingereza kililipata neno hili kutoka katika Kifaransa cha Wanormani, walioiteka Uingereza mwaka 1066. Nacho Kifaransa kililipata kutoka katika kitenzi cha Kilatini chenye maana ya "kuweza". Kwa hiyo maana ya msingi ya "power" ni uwezo, na matawi yake yote yametokana na shina hilo. Anayeweza kuwaamuru wengine ana mamlaka. Taifa linaloweza kuyashurutisha mataifa mengine ni dola kubwa. Lenzi inayoweza kuupinda mwanga kwa ukali ina "power" kubwa, nayo hupimwa kwa kugawanya 1 kwa urefu wa fokasi katika meta. Lenzi yenye fokasi ya meta 0.25 ina daiopta 4.

Tawi la hisabati lilipita njia nyingine. Wataalamu wa Ugiriki ya kale, akiwamo Euclid, walikiita kipeo cha pili "dunamis", neno la Kigiriki ambalo nalo lina maana ya uwezo. Wafasiri wa Ulaya wakalitafsiri kwa maneno ya lugha zao yenye maana hiyo, na Kiingereza kikalitwaa "power". Hivyo maneno mawili ya asili mbalimbali yakaingia katika nyumba moja.

Hapana sababu ya kukilaumu Kiingereza kwa jambo hili. Maneno ya kawaida katika kila lugha huwa mapana. Mswahili hupiga simu, hupiga pasi, hupiga mswaki, hupiga hodi na hupiga kura, na katika vitendo vyote hivyo hakuna anayepigwa. Upana huo ni utajiri wa lugha katika maisha ya kila siku. Taabu huanza pale neno pana linapoingizwa katika sayansi bila ya kuwekewa mipaka.

Wataalamu nao walitatizika

Mwanafunzi anayechanganya kani, nishati na kasi ya kufanya kazi asidhani kuwa yeye ni mjinga. Wataalamu wakubwa wa Ulaya walizichanganya dhana hizo kwa muda mrefu, nao walikuwa wakisema lugha zao wenyewe. Mwaka 1807 Thomas Young wa Uingereza alipendekeza neno "energy" litumike kwa mwili unaokwenda, lakini pendekezo lake halikushika upesi. Mwaka 1829 Mfaransa Coriolis aliipa kazi maana yake ya kifizikia, yaani kani ikizidishwa kwa umbali. Hata hivyo, mwaka 1847 Mjerumani Helmholtz alipoandika juu ya kanuni ambayo leo huitwa hifadhi ya nishati, aliitaja kwa neno "Kraft", ambalo kwa Kijerumani ni kani au nguvu.

Kosa la namna hiyo lina madhara. Fundi wa magari anapoingiza jeki chini ya gari na kuipampu kwa mkono mmoja, kani yake ndogo huwa kani kubwa inayoinua gari zima. Ni dhahiri kwamba kani haikuhifadhiwa, bali imeongezeka. Kilichohifadhiwa ni nishati: mkono umekwenda mwendo mrefu kwa kani ndogo, na gari limepanda kidogo sana kwa kani kubwa. Asiyetenganisha maneno haya mawili hawezi kuielewa jeki.

Michael Faraday, mmoja wa wachunguzi hodari kuliko wote wa karne ya 19, alitoa mhadhara mjini London mwaka 1857 juu ya hifadhi ya "force". Alitatizwa na jambo hili: kani ya uvutano baina ya miili miwili hupungua kadiri inavyozidi kuachana, je, ile iliyopungua imekwenda wapi? Swali lake lilikuwa zuri, lakini neno lililolibeba lilikuwa limebeba dhana mbili kwa pamoja. Jambo hilo lilifafanuka wataalamu walipolitenga neno "energy" na kulipa mipaka yake. William Rankine alikwisha pendekeza mwaka 1853 kwamba nishati iliyohifadhiwa katika mkao wa miili iwe na jina lake.

Historia hiyo yaonyesha kwamba lugha haiji na sayansi ndani yake. Kiingereza, Kijerumani na Kifaransa vyote vililazimika kufanyiwa kazi, neno kwa neno, hata vikafaa.

Ngazi, farasi na kituo cha umeme

James Watt alipotaka kuuza injini zake za mvuke mwishoni mwa karne ya 18, wanunuzi wake walikuwa watu waliozoea farasi. Akakadiria kwamba farasi mmoja aweza kufanya kazi ya kuinua ratili 33,000 kwa futi moja katika dakika moja. Kipimo hicho, ambacho ni sawa na wati 746 hivi, hakielezi farasi anaweza kuvuta mzigo mzito kiasi gani. Kinaeleza ni kazi kiasi gani aliyoifanya kwa muda fulani. Mwaka 1882 ilipendekezwa nchini Uingereza kwamba kipimo cha "power" kipewe jina la Watt mwenyewe.

Dhana hii yaweza kufundishwa bila ya maabara. Wanafunzi wawili, kila mmoja akiwa na kilo 50, na wapande ngazi yenye kimo cha meta 4. Kani inayomvuta kila mmoja chini ni kama nyutoni 500. Kazi aliyoifanya kila mmoja ni 500 mara 4, yaani juli 2,000. Wa kwanza amepanda mbio kwa sekunde 5, wa pili amepanda polepole kwa sekunde 20. Kani ni ileile na kazi ni ileile. Lililotofautiana ni moja tu: wa kwanza amefanya kazi kwa wati 400, na wa pili kwa wati 100. Hiyo ndiyo "power", nayo ni kasi. Mwenye saa, mizani na kipimo cha meta ana vifaa vyote vinavyohitajika.

Nje ya darasa, kutofahamu jambo hili huonekana hata katika magazeti na redio, ambako husikika maneno "kilowati kwa saa". Maneno hayo hayana maana iliyokusudiwa. "Kwa saa" humaanisha kugawanya, kama vile kilometa kwa saa, ilhali kilowati huzidishwa kwa saa. Taa ya wati 100 ikiwaka kwa saa 10 hutumia kilowati-saa moja, yaani juli 3,600,000. Hiyo ndiyo uniti moja anayoinunua mwananchi. Wati ni kasi ya kutumia. Uniti ni kiasi kilichotumika. Kusema "kilowati kwa saa" ni kama kumwuliza dereva amekwenda mbali kiasi gani, naye akajibu kwa kutaja mwendokasi wake.

Tofauti hiyo si ya wasomi peke yao. Kituo cha Kidatu kwenye mto Ruaha Mkuu kina uwezo wa megawati 204, na Kituo cha Mwalimu Nyerere kwenye mto Rufiji kina megawati 2,115, yaani mitambo 9 yenye megawati 235 kila mmoja. Tarakimu hizo zaeleza mitambo ikizungushwa kwa ukamilifu itatoa umeme kwa kasi gani. Hazielezi maji yaliyomo bwawani yatatosha kwa muda gani, maana maji hayo ndiyo nishati. Mwaka 2006 Tanzania ilipata mgawo mkali wa umeme baada ya ukame kupunguza maji katika mabwawa kama Mtera, lililo juu ya Kidatu. Megawati za mitambo hazikupungua hata moja; kilichopungua ni nishati ya kuizungusha. Raia anayetambua tofauti hiyo huweza kuyapima maelezo anayopewa juu ya umeme wa nchi yake. Asiyeitambua hulazimika kuamini au kukataa tu.

Wajibu wa mwalimu

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania, masomo yamefundishwa kwa Kiswahili tangu mwishoni mwa miaka ya 1960, na katika sekondari kwa Kiingereza. Mwanafunzi huvuka daraja hilo akiwa na neno "nguvu" mkononi. Nalo ni neno pana kama "power". Watu husema nguvu ya uvutano, na hiyo ni kani. Husema nguvu ya jua, na hiyo ni nishati. Husema nguvu ya injini, na hiyo ndiyo kasi ya kufanya kazi. Mwalimu anayefasiri "power" kwa neno "nguvu" na kuishia hapo amelibadilisha fumbo moja kwa fumbo lingine.

Wapo wanaoshikilia kwamba dawa ni kukipiga marufuku Kiswahili katika vipindi vya sayansi, ili mwanafunzi asichanganyikiwe. Lakini Faraday hakuwa na Kiswahili cha kumchanganya. Wapo pia wanaodhani kuwa siku masomo yote yatakapofundishwa kwa Kiswahili, mkanganyiko utatoweka wenyewe. Nao wamesahau upana wa neno "nguvu". Lugha yoyote isiyofanyiwa kazi darasani itaficha dhana; lugha yoyote iliyofanyiwa kazi itaifichua.

Kwa bahati njema, sehemu kubwa ya kazi hiyo imekwisha fanywa. Wataalamu wa istilahi wamelitenga neno "kani", ambalo ni la siku nyingi katika Kiswahili, na neno "nishati", lenye asili ya Kiarabu, ili kila moja libebe dhana yake. Nayo hisabati ina "kipeo". Mwanafunzi mwenye maneno hayo ana silaha ambayo mwenzake wa Uingereza, aliyekua akisikia "power" ikitumiwa kwa kila kitu, hana. Yafaa mwalimu aziweke lugha mbili bega kwa bega ubaoni: aandike neno la Kiingereza, kisha aulize ni "power" ya nini, hupimwa kwa kipimo gani, na kwa Kiswahili ni kani, nishati, kipeo, mamlaka, au ni nguvu kwa maana finyu ya kazi katika kila sekunde. Dakika tano za maswali hayo ni bora kuliko ukurasa mzima wa fasili za kukariri.

Kwa upande wake, mwanafunzi asiogope kuuliza maana ya neno analodhani kuwa analijua. Maneno magumu yenye silabi nyingi hujitangaza yenyewe, na kila mtu huyaendea kamusi. Neno fupi na la kawaida hupita kimya kimya, kila mtu akidhani kuwa amelielewa. Ndilo hasa la kusimamishwa mlangoni na kuulizwa: leo umekuja kwa maana ipi?