Msiseme Tena: «Mkristu Haendi Mahakamani»



Kuna maneno ambayo mmeyasikia vinywani mwetu tangu mkiwa wadogo: mambo ya nyumba huishia nyumbani, na Mkristu hamshitaki Mkristu mwenzake. Sisi makatekista tumeyasema katika shirika, katika mafundisho ya wachumba na kando ya kitanda cha mwanamke aliyepigwa. Leo tunawaandikia kukiri kwamba maneno hayo, jinsi tulivyoyatumia, si Injili. Yamemlinda mwenye nguvu na kumfunga mdomo mnyonge.

Tuanze na kosa letu wenyewe. Mama mmoja wa shirika letu, hapa upande wa Nundu, aliachwa na mume aliyekwenda kutafuta dhahabu Misisi. Baada ya muda habari zikafika kwamba huko amefungua nyumba nyingine. Mama huyo alitujia mara tatu, na mara zote tatu tulimrudisha: sali rozari, vumilia, mume atarudi. Hatimaye ndugu za mume walimwambia aache shamba la muhogo alilolifyeka kwa mikono yake, na awaache watoto pia, kwa sababu mahari ilikwisha kutolewa. Hapo ndipo alipokwenda mahakamani bila kutuuliza. Hakimu alimwomba hati mbili: ya ndoa, na za kuzaliwa kwa watoto. Hakuwa nazo. Alikuwa na cheti cha parokia tu, nasi tulikuwa mashahidi katika ndoa hiyo. Tulijua kwamba cheti hicho peke yake hakimfanyi mtu kuwa mke mbele ya Serikali. Hatukuwahi kumwambia.

Basi sikieni sasa yale tuliyopaswa kumfundisha yeye kabla ya harusi yake.

Nchi yetu ina Sheria ya Familia ya tarehe 1 Agosti 1987, iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa sheria hiyo, ndoa iliyofungwa kwa mila katika familia inatambuliwa, lakini yapaswa kuandikishwa kwa ofisa wa eta sivili ndani ya mwezi mmoja. Mtoto naye aandikishwe ndani ya siku 90 tangu kuzaliwa. Sheria ya 1987 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15. Tangu 2016 ni miaka 18 kwa wote wawili. Sheria ya zamani ilimtaka mke apate ruhusa ya mume katika matendo yake ya kisheria. Marekebisho ya 2016 yaliiondoa ruhusa hiyo. Na wenzi wasiochagua utaratibu wa mali siku ya kuandikisha ndoa, sheria huwahesabu kuwa wanashirikiana katika vile walivyochuma pamoja. Kwa hiyo jembe la mke lina neno la kusema katika shamba la nyumba.

Na ndoa inapovunjika? Wazee wakikaa, wakahesabu mbuzi na kurudisha mahari, wengi husema mambo yamekwisha. Mbele ya sheria hayajakwisha. Talaka hutolewa na hakimu peke yake, katika mahakama ya amani, ile ambayo watu wetu huiita tribinali. Tena hakimu hawezi kuitoa kwa haraka. Sheria inamwagiza kwanza awaite mume na mke wenyewe, awasikilize, ajaribu kuwapatanisha. Mapatano yakishindikana ndipo kesi huanza, na hapo hakimu aweza kuamua watoto watakaa na nani, nani atawalisha, na mali itagawanywaje. Asubuni ajabu hii: sheria ya Serikali inamlazimisha hakimu kufanya kazi ya upatanisho ambayo sisi tuliikwepa kwa neno moja, «vumilia».

Tunajua yatakayosemwa dhidi yetu, na ni halali kuyajibu.

Watasema: Mtakatifu Paulo aliwakemea Wakorintho kwa kushitakiana mbele ya wasioamini. Ni kweli, someni barua ya kwanza, sura ya 6, lakini msiishie katikati. Paulo anawakemea watu wanaodhulumu na kunyang'anya, tena wanaowadhulumu ndugu zao. Hamkemei aliyenyang'anywa shamba. Anauliza pia kama hakuna hata mtu mmoja mwenye hekima miongoni mwao awezaye kuamua. Sisi tulikuwepo, na hatukuamua kitu. Aliyekataa kazi ya kuamua ana haki gani ya kumzuia mwingine asiende kwa mwamuzi? Kisha someni Luka sura ya 18. Yule mjane alimwendea hakimu asiyemcha Mungu, akarudi tena na tena akidai haki yake, na Bwana akamfanya kuwa mfano wa sala. Na katika kitabu cha Hesabu, sura ya 27, binti watano wa Selofehadi walisimama mbele ya Musa na umati wote wakidai urithi wa baba yao. Mungu alisema wamenena haki.

Watasema: mahakama inavunja ndoa. Hapana. Yule mama hakuvunjiwa nyumba yake na hakimu. Ilikuwa imevunjika Misisi, na mlango wake ukafungwa na mashemeji. Kanisa lenyewe linajua tofauti hii. Talaka ya Serikali haiondoi kifungo cha sakramenti, na atakaye kujua kama ndoa yake ilikuwa halali mbele ya Mungu hana budi kwenda kwenye mahakama ya Kanisa, ambayo Papa Francis aliirahisishia taratibu zake mwaka 2015. Lakini Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2383, inafundisha kwamba talaka ya kiserikali ikiwa ndiyo njia pekee iliyobaki ya kulinda haki fulani, malezi ya watoto au urithi, yaweza kuvumiliwa wala si kosa la kimaadili. Na kanuni ya 1153 ya Sheria ya Kanisa inampa haki ya kuondoka yule ambaye mwenzake anahatarisha vikali roho au mwili wake au wa watoto. Mafundisho haya yalikuwepo miaka yote tuliyokuwa tukisema vumilia. Aliyeachwa naye akabaki mwaminifu bila kuoa au kuolewa tena hakatazwi Meza ya Bwana. Anayemkatazia kwa macho na minong'ono ana dhambi ya kuungama.

Watasema: mila zetu zinatosha. Tunaziheshimu mila, zimetulea. Lakini fikirini wale waliorudi kwa mashua kutoka kambi za Kigoma na kushukia Baraka, kuanzia mwaka 2005. Wengi walioana kambini, mbali na wazee ambao wangeshuhudia mahari. Wengine waliwaacha wenzi wao ng'ambo ya ziwa. Mila inategemea mashahidi walio hai na wanaokaa karibu. Vita imewaua na kuwatawanya mashahidi wetu. Hati hubaki pale shahidi anapokosekana, na hata pale hati isipokuwepo, mahakama yaweza kutoa hukumu ya kujaza pengo la hati hiyo.

Watasema mwisho: mahakama ni mbali, ni ghali, na haki inanunuliwa. Hapa hatuna ubishi mkubwa. Mama wa kijijini anayetafuta nauli ya kwenda Baraka au Uvira, anayeambiwa arudi wiki ijayo, kisha wiki nyingine, anaonewa mara ya pili. Lakini tangu lini ubovu wa barabara umekuwa sababu ya kumwacha mgonjwa afie nyumbani? Tunambeba kwa machela. Mwenye haki ndogo ndiye anayepaswa kubebwa na wengi. Sisi wa Fizi hatukusahau Februari 2011, mahakama ya kijeshi ilipokuja kukaa Baraka kuwahukumu wanajeshi kwa ubakaji uliofanyika katika mji wa Fizi siku ya Mwaka Mpya. Wanawake walisimama wakasema, na ofisa aliyewaongoza wanajeshi hao alihukumiwa miaka 20. Siku zile hakuna katekista aliyethubutu kuwaambia waende nyumbani wakavumilie. Kwa nini basi mwanamke aumizwaye na mume wake mwenyewe aambiwe hivyo? Je, mkono wa mume hauumi?

Vijana wapendwa, hatuwaandikii ili mpende kesi. Anayekimbilia mahakamani kwa hasira ya siku moja anajidanganya, na anayewachochea wenzi wagombane ili apate chake ni adui wa nyumba. Pataneni kwanza, na kwa moyo. Lakini upatanisho ambao mmoja hupoteza kila kitu na mwingine haulizwi neno ni dhuluma iliyovikwa nguo ya sala.

Mambo manne tunawaomba. Kwanza, ninyi mnaojiandaa kwa ndoa, msipange sherehe kabla ya kupanga siku ya kwenda eta sivili. Na sisi tutayauliza hayo tunapotangaza ndoa kanisani. Pili, kila mtoto anayezaliwa katika shirika lenu aandikishwe kabla ya siku 90 kwisha. Anayejua kusoma amsaidie asiyejua. Tatu, kijana aliyezaa na msichana asijifiche nyuma ya kukosa mahari, kwani sheria yetu haimruhusu mtu yeyote kumkana mtoto wake, awe amezaliwa ndani au nje ya ndoa. Nne, mama au baba aliyeachwa akiitwa mahakamani, asiende peke yake. Wawili miongoni mwenu wamsindikize, wachange nauli, wakae naye kwenye benchi mpaka jina lake liitwe.

Yule mama tuliyemrudisha mara tatu bado anasubiri hukumu. Siku aliyoitwa tena, sisi tulikwenda pamoja naye kushuhudia kwamba tuliiona ndoa yake ikifungwa. Ilikuwa kazi ndogo, nasi tuliichelewesha mno. Ninyi msicheleweshe yenu.