Kabla hujanunua boda, piga hesabu ya shilingi ya kesho

Umeshika laki moja na elfu themanini. Pengine ni akiba ya miaka mitatu ya vibarua. Pengine zamu yako kwenye chama imefika. Ama mzee ameuza kipande cha shamba kule ushago, akakuita kando na kukuambia, "Mwanangu, hii ndiyo yako, jipange." Kabla jua halijatua, mtaa mzima una wazo la namna utakavyoitumia.

Wa kwanza kukupigia simu ni yule rafiki wa boda. "Nunua pikipiki, mpe mtu aendeshe, kila jioni anakuletea mia nne. Wewe umelala tu." Wa pili anasema boda zimejaa, fungua kinyozi. Wa tatu ameona video TikTok na sasa anataka mfuge sungura.

Wote wana hesabu, na hesabu zao hufanana: pesa itakayoingia, toa pesa uliyoweka, inayobaki ni faida. Ikiwa kubwa, twende kazi. Hapo ndipo vijana wengi tunachomeka. Tunajumlisha shilingi ya leo na shilingi ya miaka mitatu ijayo kana kwamba ni shilingi moja. Sizo.

Hebu tuchukue hiyo boda na tuipige hesabu kikamilifu. Nambari hizi ni za mfano, weka zako za mtaani kwenu. Tuseme pikipiki, bima na makaratasi vimekula shilingi 180,000 zote. Mwendeshaji anakuletea 400 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni 120,000. Lakini pikipiki haili hewa. Mwaka wa kwanza bima, servisi na tairi zinachukua 30,000, unabaki na 90,000. Mwaka wa pili injini inaanza kulalamika, gharama ni 45,000, unabaki na 75,000. Mwaka wa tatu fundi amekuwa rafiki yako wa karibu, anakula 65,000, unabaki na 55,000. Mwishoni unaiuza kwa 30,000, kwa hivyo mwaka wa tatu umekupa 85,000.

Jumlisha: 90,000, na 75,000, na 85,000. Jumla ni 250,000. Uliweka 180,000. Rafiki yako atapiga makofi: "Faida elfu sabini, bro!"

Ngoja kwanza.

Ukiweka shilingi 100 mahali panapokupa asilimia 12 kwa mwaka, mwaka ujao utakuwa na 112. Kwa hivyo mtu akikuahidi shilingi 112 za mwaka ujao, ahadi hiyo ina thamani ya shilingi 100 leo. Na akikuahidi 100 za mwaka ujao? Gawanya kwa 1.12. Unapata shilingi 89 na senti kadhaa. Pesa ya kungoja ni nyepesi kuliko pesa ya mkononi. Bei za vitu hupanda, na sote tunakumbuka Oktoba 2022 mfumko wa bei ulipofika asilimia 9.6. Aliyeahidi anaweza kutoroka. Na muda wote huo unaongoja, pesa yako ingekuwa mahali pengine ikizaa.

Sasa rudi kwa boda. Zile 90,000 za mwaka wa kwanza zigawanye kwa 1.12 mara moja: 80,357. Zile 75,000 za mwaka wa pili zigawanye kwa 1.12 mara mbili: 59,790. Zile 85,000 za mwaka wa tatu, mara tatu: 60,501. Jumlisha hizo tatu, unapata 200,648. Toa 180,000 ulizoweka. Kinachobaki ni shilingi 20,648.

Hiyo nambari ya mwisho ndiyo wahasibu na mabenki huita thamani halisi ya sasa, au NPV kwa kifupi cha Kiingereza. Ikiwa juu ya sifuri, mradi unakupa zaidi ya kile ambacho pesa yako ingepata kwingine. Ikiwa chini ya sifuri, mradi unakula mali yako hata kama kila jioni kuna kitu kinaingia M-Pesa. Ile faida ya elfu sabini imekuwa elfu ishirini na kidogo. Bado ni nzuri. Lakini si ile uliyoambiwa.

Utauliza, hiyo asilimia 12 imetoka wapi? Swali zuri, kwa sababu ndilo linaloamua kila kitu. Kiwango hicho ni jibu la swali moja: kama hutafanya mradi huu, pesa hii ingekupa nini, ama inakugharimu nini?

Kama ni pesa yako mwenyewe, tazama pale ambapo ingekaa bila kukusumbua. Watu husahau kwamba mwananchi wa kawaida anaweza kuikopesha serikali kupitia Benki Kuu ya Kenya, na hatifungani zake huanzia shilingi 50,000. Februari 2024 Benki Kuu ilitoa hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya takriban asilimia 18.46, na riba ya hatifungani za aina hiyo haikatwi kodi. Muda wake ni mrefu kuliko wa boda, kweli, lakini inaweza kuuzwa sokoni kabla haijaiva. Sasa ipige boda yetu kwa kiwango hicho cha 18.46. Thamani halisi ya sasa inashuka hadi takriban shilingi 550. Mia tano na hamsini! Miaka mitatu ya kumpigia mwendeshaji simu usiku, kugombana na fundi na kuamka ukiambiwa pikipiki imeshikwa na polisi, yote hayo ili kumshinda kwa mia tano hivi mtu aliyekaa nyumbani akingoja riba ya serikali. Riba haziko juu hivyo kila mwaka. Ndiyo maana ni lazima uangalie zimefika wapi siku ile unapoamua, sio mwaka ule jirani yako alipofanikiwa.

Kama pesa ni ya mkopo, kiwango hakiwezi kuwa chini ya riba unayolipa. Chukua mkopo wa asilimia 20 kwa mwaka na urudie hesabu ya boda. Unapata 75,000, na 52,083, na 49,190. Jumla ni 176,273. Toa 180,000. Uko chini kwa shilingi 3,727. Pikipiki ni ileile, barabara ni ileile, mwendeshaji ni yuleyule. Kilichobadilika ni mahali pesa ilipotoka, na mradi mzuri umekuwa mradi mbaya.

Na hiyo ni asilimia 20 kwa mwaka. Kuna mikopo ya simu inayotajwa kwa mwezi. Asilimia 8 kwa mwezi ni 96 kwa mwaka, hata kabla hujaanza kulipa riba juu ya riba. Hazina ya Hasla ilipozinduliwa Novemba 2022 ilitangaza asilimia 8 kwa mwaka. Maneno yanafanana lakini hawa wawili hawajuani kabisa. Ukiona mkopo, uliza kwanza: kwa mwezi ama kwa mwaka? Nionyeshe biashara ya boda inayoweza kubeba asilimia 96, nami nitaacha kuandika nije niwe dereva wako.

Turudi kwa yule wa kinyozi. Yeye pia anataka 180,000: viti, vioo, mashine, kodi ya kuanzia. Mwaka wa kwanza wateja hawakujui, unapata 15,000 pekee. Wa pili 80,000. Wa tatu umekuwa jina mtaani, unapata 165,000. Jumla ni 260,000, elfu kumi zaidi ya boda. Kwa hesabu ya mdomo, kinyozi ameshinda. Lakini kwa asilimia 12, thamani halisi ya sasa ya kinyozi ni kama 14,600, na ya boda ni 20,648. Boda inaongoza kwa sababu inarudisha pesa mapema, na pesa ya mapema ni nzito. Huyu wa kinyozi amekutilia utamu wote mwishoni, mahali pa mbali zaidi na pasipo na uhakika.

Tena kuna ujanja mwingine ambao tunajifanyia wenyewe. Wengi tunaofungua kinyozi tunanyoa wenyewe, halafu hatujilipi kwenye hesabu. Kama ungeajiriwa kwa mtu mwingine na upate 15,000 kwa mwezi, basi kazi yako katika duka lako ina gharama ya 15,000 kwa mwezi. Itoe. Mradi ambao una faida tu kwa sababu wewe unafanya kazi bure si mradi. Ni ajira mbaya uliyojinunulia.

Sasa nikupe onyo, kwa sababu hesabu hii ina udhaifu wake nami sitaki uiabudu. Mmoja wa walioieleza vizuri zaidi vitabuni ni Irving Fisher, mwanauchumi Mmarekani wa Chuo Kikuu cha Yale. Aliandika kuhusu riba na thamani ya pesa ya baadaye mwaka 1907, akarudia kwa upana mwaka 1930. Ni watu wachache walioielewa fomula kumliko. Lakini soko la hisa la New York lilipoporomoka mwaka 1929, Fisher alipoteza mali yake, kwa sababu aliamini bei zingebaki kule juu. Fomula haikukosea. Kilichokosea ni kile alichoamini kuhusu kesho.

Nasi ndivyo tunavyokosea. Kikokotoo hakidanganyi, sisi ndio hukidanganya. Tunaandika siku 300 za kazi kana kwamba hakuna mvua, hakuna ajali, hakuna siku mwendeshaji amesafiri kwa mazishi. Hebu tuisimamishe ile boda mwezi mmoja tu kwa mwaka, siku 25, shilingi 10,000. Mapato yanakuwa 80,000, kisha 65,000, kisha 75,000. Kwa ile asilimia 12 ya kirafiki kabisa, thamani halisi ya sasa inaanguka hadi zaidi ya 3,300 chini ya sifuri. Mwezi mmoja! Hiyo ndiyo tofauti kati ya "umelala tu" na kuuza pikipiki kwa hasara.

Kwa hivyo usipige hesabu mara moja. Piga mara tatu: moja ya mambo yakienda sawa, moja ya mambo yakienda kawaida, na moja ya mambo yakienda vibaya. Ikiwa ile ya kawaida iko chini ya sifuri, acha. Ikiwa ile ya mabaya inaweza kukutoa nyumbani, fikiria tena hata kama ile nzuri inavutia.

Vifaa vya kazi hii unavyo mfukoni. Kikokotoo cha simu kinatosha. Ukitumia Excel ama jedwali la Google, kuna fomula ya NPV tayari, ila kuwa makini: yenyewe huchukulia kwamba nambari ya kwanza unayoipa ni ya mwisho wa mwaka wa kwanza. Kwa hivyo usiziweke zile 180,000 za leo ndani yake. Ipe mapato ya miaka, halafu utoe 180,000 nje. Wengi huzichanganya na kupata jibu lisilo sahihi.

Najua kuna atakayesema haya ni mambo ya watu wa suti kule Upper Hill, kwamba mtaani mtu huomoka kwa kuthubutu. Kuthubutu ni kuzuri, na bila hiyo hakuna biashara ingefunguliwa Gikomba wala Kongowea. Lakini angalia ni nani anayeruhusiwa kukosea. Benki ikipoteza 180,000 haitajua hata kama zimepotea. Wewe ukizipoteza, umepoteza shamba la mzee, ama miaka mitatu ya kuamka saa kumi usiku, na kuzipata tena kutakuchukua miaka mingine mitatu. Mwenye mtaji mdogo ndiye anayehitaji hesabu hii zaidi, ilhali ndiye anayefundishwa kidogo zaidi.

Hapo ndipo lawama ya wakubwa inapoingia. Tunahimizwa kila siku tujiajiri. Kuna hazina, kuna semina, kuna fulana zenye maandishi. Anayetoa mkopo kwa kijana bila kukaa naye dakika ishirini wapige hesabu hii pamoja hajamsaidia, amemkabidhi deni. Na sisi kwenye vyama vyetu tusijitoe lawamani. Mwanachama akileta wazo kwenye grupu ya WhatsApp, swali la kwanza huwa, "Inaingiza ngapi?" Tuongeze mengine mawili: "Lini?" na "Pesa hii ingefanya nini tukiiacha ilipo?"

Basi leo jioni, kabla hujamjibu yule rafiki wa boda, chukua karatasi. Andika utakachoweka. Chini yake andika kila mwaka utapata nini baada ya gharama zote, pamoja na mshahara wako mwenyewe. Chagua kiwango kwa ukweli wa pesa yako ilikotoka. Gawanya, jumlisha, toa. Halafu mpigie simu umsomee nambari ya mwisho, umuulize kama yeye angeweka zake.